Moto Haukufanyiwa Mtihani

Agosti 2014, hospitali ya Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta iliwapokea Wamarekani wawili waliougua Ebola wakiwa katika kazi ya misaada nchini Liberia. Wodi maalumu ilikuwepo, madaktari walikuwa wamejifua kwa miaka, na hospitali yenyewe ni jirani wa makao makuu ya CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa. Jambo lililowatoa jasho lilikuwa takataka.

Mgonjwa wa Ebola hutapika na kuharisha kwa wingi, na kila anayeingia kumhudumia huvua mavazi ya kinga na kuyatupa. Mifuko ilifika hadi 40 kwa siku. Kampuni iliyokuwa na mkataba wa kuzoa taka hizo ikakataa kuzigusa, na kisheria ilikuwa na hoja. CDC ilisema zishughulikiwe kama taka nyingine za hospitali zenye maambukizi, lakini kanuni za usafirishaji za shirikisho ziliiweka Ebola katika kundi la juu kabisa la hatari, lenye masharti ya vifungashio ambayo mfuko wa kawaida hauwezi kuyatimiza. Ofisi mbili za serikali moja zikawa zinasoma vitabu viwili. Wafanyakazi wakatumwa dukani kununua mapipa ya plastiki yenye mifuniko, kadiri walivyoyakuta, na mifuko ikazidi kurundikana kwa takriban wiki nzima hadi pande zote zilipoelewana.

Mjini Omaha, katika jimbo la Nebraska, mambo yalikwenda kwa utulivu zaidi. Kitengo cha huko cha magonjwa hatari, kilichofunguliwa 2005, kina otoklevu ya milango miwili iliyojengewa ukutani. Taka huingia kwa mlango wa upande wa wagonjwa, hupigwa mvuke wenye shinikizo, kisha hutolewa upande wa pili zikiwa zimekwisha kupoteza uwezo wa kuambukiza. Kinachotoka hapo hakisafirishwi kama Ebola, kwa sababu si Ebola tena. Swali gumu lilikuwa limejibiwa miaka kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika: nani anathibitisha kwamba mashine hii imeua, na anathibitishaje?

Swali hilo ndilo linalomkabili kila anayetaka kutibu taka za hospitali bila kuzichoma. Kwa vizazi kadhaa moto haukuulizwa. Mtu alijenga tanuri, akaweka bomba la moshi, akawasha, na majivu yakachukuliwa kuwa ushahidi tosha. Mashine ya mvuke, ya maikrowevu au ya kemikali hutoa kitu kinachofanana sana na kilichoingia: bandeji ni bandeji, sirinji ni sirinji. Kwa hiyo lazima ilete ushahidi wa maabara. Kudai ushahidi huo ni haki kabisa. Kasoro ni kwamba moto ulichelewa mno kuitwa kwenye chumba hichohicho cha mtihani.

Na hata majivu, pamoja na sifa zake zote, hayaaminiwi na kila mtu. Oktoba 2014, vitu vilivyotolewa katika nyumba alimofikia Thomas Eric Duncan, mgonjwa wa kwanza kugundulika na Ebola akiwa ndani ya Marekani, vilichukuliwa kutoka Dallas hadi Port Arthur, Texas, vikateketezwa. Majivu yalipotaka kupelekwa kwenye dampo la jimbo jirani la Louisiana, mwanasheria mkuu wa jimbo hilo alikimbilia mahakamani na kupata zuio. Hakuna kirusi kinachovuka tanuri la namna hiyo kikiwa hai, ila hofu ilivuka.

Mfumo wa vibali unaotumika leo Marekani, ambao nchi nyingi zimeuazima, ulizaliwa ufukweni. Majira ya joto ya 1987 na 1988, sirinji, mirija ya damu na takataka nyingine za tiba zilisukumwa na mawimbi hadi kwenye fukwe za New Jersey na New York. Ilikuwa miaka ya hofu kuu ya UKIMWI. Watalii walikimbia, fukwe zikafungwa, wenye hoteli wakahesabu hasara. Novemba 1988 Rais Reagan alitia saini sheria ya kufuatilia taka za tiba, iliyofanya kazi kwa majaribio ya miaka miwili katika majimbo ya New York, New Jersey, Connecticut na Rhode Island pamoja na Puerto Rico. Ilipokwisha muda wake mwaka 1991 haikuhuishwa. Madaraka yakabaki kwa majimbo, kila moja na kanuni zake.

Hapo ndipo wabunifu walipojitokeza. Kulikuwa na mashine za mvuke zenye visu vya kusaga, mashine za maikrowevu, za klorini, za ozoni, za miale ya elektroni, na kutoka Chuo cha Tiba cha Albany, matangi ya magadi makali ya moto yanayoyeyusha mizoga ya wanyama wa maabara. Kila muuzaji alikuwa na kipeperushi kinachong'aa na takwimu zake mwenyewe. Ofisa wa afya wa jimbo, ambaye pengine shahada yake ilikuwa ya usafi wa mazingira, alitakiwa aamue kama mashine hiyo iruhusiwe kutoa taka ziende dampo la kawaida. Maofisa hao wakaona ni upuuzi kila mmoja kuhangaika peke yake. Wakaunda umoja uliojulikana kwa kifupi cha STAATT, na mwaka 1994 wakatoa mwongozo wao wa kwanza.

Mwongozo huo uligawa uwezo wa kuua vijidudu katika ngazi nne na kuiteua ya tatu kuwa kiwango cha chini kinachokubalika. Ngazi ya tatu inadai bakteria wa kawaida, kuvu, virusi, vimelea na jamii ya bakteria wa kifua kikuu wapunguzwe mara milioni moja. Juu ya hapo, spora ngumu za bakteria maalumu zipunguzwe mara elfu kumi. Maana yake ni kwamba ukiingiza spora 1,000,000, zisibaki zaidi ya 100. Shirika la Afya Duniani lilikichukua kipimo hichohicho katika toleo la 2014 la kitabu chake cha usimamizi wa taka za huduma za afya, kwa hiyo ofisa wa Lusaka au Manila anaweza kumuuliza muuzaji swali linaloulizwa Sacramento.

Hakimu mkuu wa mtihani huu ni bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus. Hamwambukizi mtu. Mwanasayansi aitwaye Donk alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1920 baada ya kumkuta katika mahindi ya kopo yaliyoharibika, ingawa kopo lilikuwa limepikwa vizuri. Bakteria huyu hustawi katika joto la nyuzi 55 hadi 60, na akibanwa hujifungia ndani ya spora zinazostahimili mvuke kuliko kirusi chochote cha Ebola au UKIMWI. Hoja ni nyepesi: mashine ikimuua huyu, wale wengine wamekufa zamani. Spora zake huuzwa zikiwa zimekaushwa kwenye vipande vya karatasi au ndani ya kichupa chenye kimiminika cha zambarau. Baada ya mzunguko wa mashine, kichupa hutiwa kwenye kiatamizi; kimiminika kikigeuka njano, spora zimefufuka na mashine imefeli.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani kazi imekwisha, lakini sehemu ngumu ni mahali pa kukiweka hicho kichupa. Kukiweka juu ya mifuko ni kujidanganya. Mvuke huua pale unapogusa tu, na adui wake ni hewa. Katikati ya mfuko uliofungwa, ndani ya kopo la sindano lililojaa, hewa hukaa kama mgeni asiyetaka kuondoka, na kipimajoto cha mlangoni kinaweza kusoma nyuzi 121 ilhali moyoni mwa mzigo hapajafika hata 100. Ndiyo maana mtahini mkali hudai kichupa kizikwe ndani kabisa, katika mzigo mzito na wenye maji kuliko yote ambayo mashine itaruhusiwa kupokea. Kanuni za India za 2016 zinaonyesha gharama ya hewa kwa dakika: otoklevu inayosubiri hewa itoke yenyewe lazima ikae kwenye nyuzi 121 kwa dakika 60, na ile inayoinyonya kwanza kwa pampu hupewa dakika 45.

Mashine zinazosaga taka zina mtego wa aina nyingine. Visu vitakikatakata kichupa pamoja na takataka, kwa hiyo spora humwagwa moja kwa moja ndani ya mzigo na kutafutwa upya katika makapi. Sasa zikipatikana chache, je, zimekufa, au zimeoshwa zikaenda na maji na nyingine kunasa kwenye plastiki? Mwongozo wa STAATT unajibu kwa kumtaka mwombaji aendeshe mashine kwanza bila dawa na bila joto, ahesabu spora zinazopatikana tena, na zile zilizopotea njiani azitoe kwenye hesabu. Zilizopotea hazihesabiwi kuwa zimeuawa. Sharti hili dogo ndilo lililozipunguzia majigambo mashine kadhaa za kemikali, kwa sababu sehemu ya sifa zao ilikuwa ni sifa ya maji.

Mwenye mashine ya kemikali ana mlango mwingine wa kubisha. Akidai kwamba dawa yake inapunguza maambukizi ya taka, EPA, shirika la shirikisho la kulinda mazingira, linamtaka aisajili dawa hiyo chini ya sheria ya viuatilifu, ile inayosimamia sumu za wadudu na panya. Idhini ya jimbo haimwondolei wajibu huo. Na idhini ya jimbo moja haimpi haki katika jingine: California ina orodha yake ya teknolojia zilizoidhinishwa, na anayeingia Texas huanza na kanuni za Texas. Watengenezaji hulalamika, na kuna ukweli katika malalamiko yao, ingawa wengi wao huacha kutaja kwamba takwimu zilizokusanywa vizuri mara moja hutumika katika maombi yote.

Kisha likatokea jambo ambalo spora hazikuweza kulibashiri. Mwaka 1997 wafanyakazi watatu wa mtambo wa kutibu taka za hospitali katika mji mdogo wa Morton, jimbo la Washington, waliugua kifua kikuu. Mtambo huo ulizisaga taka kwanza, ndipo ukazipasha joto kwa mawimbi ya redio. Wachunguzi walipolinganisha vinasaba vya bakteria, waligundua kwamba aliyekuwa amemwambukiza mmoja wao ni mgonjwa ambaye hakuwahi kukutana naye: taka kutoka mahali alikotibiwa zilikuwa zimepitia mtambo huo. Utafiti ulichapishwa mwaka 2000 katika jarida la JAMA. Visu vilikuwa vikirusha hewani kile ambacho joto lilikuja kukiua baadaye. Tangu hapo, ofisa makini haishii kuuliza kilichobaki hai mwishoni mwa mashine. Huuliza pia hewa ya chumba inakwenda wapi, chujio linabadilishwa lini, mlango unafunguliwa na nani visu vikikwama, na kama maabara imekwisha kuvipiga mvuke vijidudu vyake vya kuoteshwa kabla ya kuvitupa.

Moto nao ulipoitwa, ulitetereka. Mwaka 1994 rasimu ya tathmini ya EPA kuhusu daioksini iliyataja matanuri ya hospitali kuwa chanzo kikuu kinachojulikana cha sumu hizo nchini Marekani. Daioksini hutokea klorini iliyomo katika plastiki kama za mifuko ya damu inapoungua vibaya, na hujijenga tena moshi unapopoa taratibu. Mwaka 1997 EPA iliweka viwango vya moshi kwa matanuri ya hospitali. Wakati huo yalikadiriwa kuwa takriban 2,400. Shirika hilohilo liliporekebisha kanuni mwaka 2009 lilihesabu 57. Sheria haikuyapiga marufuku; wenye nayo walipopiga hesabu ya vichujio na vipimo, wengi walizima wenyewe. Ukitaka kujua ni kitu gani kilizipa mashine mbadala soko, ni hicho.

Ufilipino ilichukua njia ya mkato. Sheria yake ya hewa safi ya 1999 ilikataza kuchoma taka za tiba, na hospitali zikapewa miaka michache kujipanga. Mtihani mkubwa ulikuja 2004, wakati wa kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua. Zaidi ya sirinji milioni 19 zilikusanywa, zikatibiwa kwa mvuke au maikrowevu, au kuzikwa ndani ya zege, bila kuwashwa kiberiti.

India nayo imeweka utaratibu unaostahili kuangaliwa na yeyote anayeandika kanuni. Mtu mwenye teknolojia isiyo kwenye jedwali la sheria haruhusiwi kuifunga kisha akaomba radhi; lazima kwanza aiombe serikali kuu imwekee viwango. Februari 2025, katika hospitali ya AIIMS mjini New Delhi, Waziri Jitendra Singh alizindua mtambo uitwao Sṛjanam, uliobuniwa na taasisi ya utafiti ya NIIST ya Thiruvananthapuram, unaotibu taka zenye vimelea bila tanuri na wenye uwezo wa kilo 400 kwa siku. Picha zilipigwa, hotuba zikatolewa. Hata hivyo ilielezwa siku hiyohiyo kwamba mtambo ungeanza kutumika kwa upana baada ya uthibitishaji na idhini ya mamlaka husika. Waziri akishiriki uzinduzi, mtu hutegemea milango ifunguke yenyewe. Huko walau ilikubaliwa hadharani kwamba utepe ukikatwa, spora hazifi.

Kwetu Afrika Mashariki, hospitali nyingi za wilaya zimemjua mzee mmoja: tanuri la matofali la De Montfort. Lilibuniwa miaka ya 1990 na Profesa Jim Picken wa Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, kwa nia njema kabisa. Fundi mwashi aliweza kulijenga kwa vifaa vya dukani, na kampeni za chanjo zilikuwa zinaacha milima ya sirinji isiyo na pa kwenda. Kabla yake kulikuwa na shimo na mafuta ya taa, kwa hiyo lilikuwa nafuu kubwa. Lakini halina chujio la moshi wala kipimo cha daioksini, na likilishwa taka mbichi bila kupashwa moto kwanza, hutoa moshi mweusi unaoingia wodini. Tanzania na Kenya zote mbili ziliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo unayataja matanuri ya taka za tiba miongoni mwa vyanzo vya daioksini vinavyopaswa kupunguzwa.

Njia mbadala si ndoto ya kigeni. Kupitia mradi wa UNDP uliofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira Duniani, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisanifu na kujaribu otoklevu ya taka ya bei nafuu inayoweza kutengenezwa humuhumu. Kenya imefunga mashine za maikrowevu katika baadhi ya hospitali zake za kaunti kwa msaada wa Ubelgiji. Kinachohitaji kuangaliwa ni njia ya kibali. Hospitali ya Tanzania inayotaka kufunga otoklevu ya taka inakutana na NEMC kwa mambo ya mazingira, OSHA kwa sababu mtungi wa mvuke wa shinikizo ukipasuka huua, miongozo ya Wizara ya Afya, na mamlaka ya maji kwa yale yanayotiririka. Kila mlango una sababu yake. Lakini swali la vichupa vya zambarau linaweza kupotea katikati, kila ofisi ikiamini mwenzake ameliuliza, na faili likajaa mihuri isiyosema lolote kuhusu spora.

Lisiwe swali la siku ya kufungua mashine pekee. Kibali kizuri hufungia mambo kwa namba: joto, shinikizo, dakika, uzito wa mzigo, aina ya mifuko. Kinadai karatasi ya kila mzunguko ihifadhiwe, na kichupa kizikwe tena kwenye mzigo kila baada ya muda uliopangwa. Umeme ukikatika dakika ya 20, mzigo huo unarudiwa tangu mwanzo, hata kama foleni ya mifuko imefika korido. Mashine ya msaada iliyokuja bila bajeti ya vichupa na bila kiatamizi cha kuviotesha imekuja bila macho, na mtoaji msaada angefaa aambiwe hivyo kabla ya meli kung'oa nanga. Pengo ni kubwa: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kuwa asilimia 60 ya vituo katika nchi maskini zaidi havina vifaa vya kumudu hata taka za kawaida, achilia mbali za janga.

Kuna pia taka ambazo hakuna otoklevu inayopaswa kuombewa kibali cha kuzipokea. Dawa za saratani hazivunjwi na nyuzi 121. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ziteketezwe kwa takriban nyuzi 1,200 au zirudishwe kwa muuzaji. Zebaki ya kipimajoto kilichovunjika ikiingia kwenye joto hugeuka mvuke na kumwingia mwendesha mashine mapafuni. Viungo vya mwili na kondo la nyuma vina sheria ya afya na vilevile staha ya watu, na ndiyo maana shimo la kondo bado lipo nyuma ya wodi nyingi za wazazi kuanzia Kigoma hadi Lamu. Hospitali inayozima tanuri lake itahitaji kuonyesha, katika maombi yaleyale, kila kimoja kati ya vitu hivi kitakwenda wapi na kwa mkataba wa nani. Orodha hiyo inafaa kunakiliwa na kubandikwa mlangoni pa chumba cha mashine, kwa Kiswahili, ikiwa na picha, maana anayesukuma toroli la mifuko saa nane za usiku hakuwepo kwenye kikao cha kibali.